Kikomo cha laini kianzie kwa idhini ya mwenye kitambulisho

Swali la wiki hii lilitaka kujua iwapo kila Mkenya awekewe kikomo cha laini za simu anazoweza kusajili kwa jina lake, ili utapeli upungue. Ninaunga mkono kikomo hicho, ila kikiwekwa peke yake kitawabana wasio na hatia, kwa kuwa tapeli hasajili laini kwa kitambulisho chake mwenyewe.

Hapa Kisumu laini huuzwa chini ya miavuli, kuanzia Kondele hadi soko la Kibuye siku ya Jumapili. Mnunuzi hutoa kitambulisho, kikapigwa picha kwa simu ya muuzaji, kisha akaambiwa angoje kwa sababu mtandao unasumbua, na picha ikapigwa tena. Mama mzee aliyetoka Ahero kuuza mchele, asiyejua kusoma, anaweza kurudi nyumbani na laini moja huku nyingine mbili zilizosajiliwa kwa jina lake zimebaki mfukoni mwa mtu asiyemjua. Hizo ndizo laini zinazotuma ule ujumbe wa pesa zilizoingia kwako kimakosa, ambazo unaombwa uzirudishe upesi, na polisi wakiifuatilia nambari hiyo watabisha hodi kwa mama huyo.

Usajili wenyewe si jambo geni kwetu. Kanuni zake ziliwekwa mwaka 2015, na mwaka 2022 tulipanga foleni kuhakikisha majina yetu, hadi makataa yakasogezwa kutoka Aprili 15 hadi Oktoba 15. Tulipewa pia *106#, ambayo humwonyesha mtu nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ni huduma nzuri, lakini inamtaka mwananchi akumbuke kujichunguza, na anayeibiwa jina kwa kawaida hana habari kwamba kuna cha kuchunguza. Kwa maoni yangu utaratibu huo ugeuzwe: kila kitambulisho kinapotumiwa kusajili laini mpya, ujumbe uende kwenye laini ambayo mwenyewe tayari anaitumia, na ile mpya isifanye kazi mpaka akubali. Asiyekuwa na laini yoyote, au asiyeweza kusoma, asajiliwe katika duka la kampuni.

Kuhusu idadi, India inaruhusu laini 9 kwa mtu mmoja, ambazo naziona nyingi mno kwa matumizi ya kawaida. Laini moja kwa kila kampuni nayo ingetubana, maana mzazi husajili kwa jina lake laini za watoto ambao hawajapata vitambulisho, na wakulima wengi hubeba laini mbili kwa kuwa mtandao unaoshika nyumbani haushiki shambani. Tano zingetosha, zikihesabiwa kwa kampuni zote kwa pamoja, na anayehitaji zaidi aeleze sababu dukani.

Kikomo hakitamgusa tapeli anayeiteka laini uliyo nayo kwa kudai kwamba imepotea na kuomba ibadilishwe. Huo ni wizi wa namna nyingine na una kinga zake. Kwa huu wa majina, pamoja na idhini niliyotaja, kila laini ibebe pia nambari ya wakala aliyeisajili, na kampuni iliyofungua laini bila idhini ya mwenye kitambulisho imlipe aliyetapeliwa kupitia laini hiyo.

Msomaji, Kisumu