Tangi jipya la maji ya bahari hapa Malindi: samaki waingie lini, na vipi

Ndugu uliyeuliza, umesema tangi lako ni la lita 200, lina wiki mbili, maji ya bahari yanang'aa, na Jumamosi unataka kutia samaki sita kwa mpigo. Nakusihi usitie hata mmoja kabla ya kupima amonia na naitraiti, sumu mbili za tangi jipya. Amonia haina rangi, kwa hiyo maji kung'aa hakukuambii lolote.

Samaki hutoa amonia kwenye matamvua mchana na usiku. Tangi likishakomaa, bakteria walioshika kwenye mawe na sponji huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ina madhara, kisha wengine huigeuza hiyo kuwa naitreti ambayo samaki huivumilia. Kazi ya kuwajenga huchukua wiki nne hadi sita, na hao wa naitraiti ndio wanaochelewa. Walishe bila samaki: tia amonia ya maji isiyo na sabuni wala manukato (ukitikisa chupa ikatoa povu, iache) mpaka ufike miligramu 2 kwa lita. Siku ambayo kiasi hicho kitaisha ndani ya saa 24, na naitraiti nayo isome sifuri, tangi liko tayari. Badilisha nusu ya maji kupunguza naitreti, ndipo ununue samaki.

Maji ya kubadilishia yateke bahari inapojaa, mbali na mifereji ya mahoteli. Wakati wa mvua mto Sabaki hushusha tope jekundu, na kaskazi ikivuma tope hilo husukumwa hadi ghuba ya Malindi. Maji ya siku hizo yaache. Kipimo cha chumvi kisome 1.025. Maji yakipungua kwa joto ongeza maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, yale ya madumu ya dukani, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Ukiongeza ya bahari, chumvi itazidi kila wiki. Visima vingi vya pwani vina chumvi yake, usivitumie.

Sasa siku ya kuleta samaki, ambapo wengi huharibu. Zima taa ya tangi. Acha mfuko wa samaki uelee tangini bila kuufungua dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha fungua na upime chumvi ya maji ya mfuko kwanza, maana baadhi ya wauzaji huweka chumvi chini, 1.019 au 1.020, kuzuia vimelea. Samaki hushuka chumvi bila taabu kubwa, lakini kupanda ghafla humuumiza. Kama tofauti ni ndogo na samaki amevuliwa leo hii hapa karibu, mhamishie kwenye ndoo na maji yake, ufunge fundo kwenye mpira wa pampu ya hewa unaonyonya maji ya tangi, ili yadondoke ndooni matone mawili hadi manne kwa sekunde. Maji ya ndoo yakiongezeka mara mbili, kama dakika 45, mnase kwa kikombe na umtie. Maji ya ndoo yamwage nje, hata tone lisiingie tangini.

Aliyesafirishwa saa nyingi ni jambo jingine. Njiani pumzi yake hujaza mfuko kaboni dayoksaidi, maji huwa na asidi, na kwa sababu hiyo amonia aliyotoa hukaa katika umbo lisilo na sumu kali. Ukifungua tu, gesi hutoka, asidi hupungua, na amonia ile ile hugeuka sumu kwa dakika chache. Huyo hafai kudondoshewa saa nzima. Andaa mapema karai lenye maji ya chumvi sawa na ya mfuko, linganisha joto, fungua, mhamishe mara moja. Chumvi utaipandisha polepole siku zinazofuata.

Karai hilo ndilo karantini yake: lita 40, sponji iliyokaa tangini wiki kadhaa, kipande cha paipu ya plastiki ajifichie, wiki nne. Akitoka vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, mtibu humo humo. Dawa ya shaba isiguse tangi kubwa, huua kamba na konokono.

Anza na samaki mmoja au jozi ya wale wa rangi ya machungwa wenye milia wanaokaa kwenye anemoni, yule mnyama wa bahari anayefanana na ua. Ngoja wiki mbili, pima, ndipo wengine. Lita 200 zinatosha wadogo wanne au watano. Samaki aina ya kangaja huhitaji nafasi kubwa kuliko hiyo, na kikande atawamaliza wenzake. Ndani ya hifadhi ya bahari haichukuliwi chochote, si samaki si jiwe, kwa hiyo muulize muuzaji amevua wapi na kama ana leseni.

Weka pia pampu ya hewa ya betri. Stima ikipotea usiku wa Februari, maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni kidogo, na samaki huanza kuhema juu ya maji upesi. Amonia ikionekana baada ya samaki wa kwanza, acha kumlisha siku mbili na ubadilishe robo ya maji kila siku, yenye chumvi na joto sawa, mpaka isome sifuri.