Kabla hujang'oa kipande kwenye bodi

Mizani ya kwanza niliyoitengenezea bodi ya saketi ilikuwa ya kupokelea maziwa. Mfugaji analeta kidumu, uzito unasomwa, ujumbe unaingia kwenye simu yake. Bodi ilikuwa pana kama daftari la shule: opampu (vikuza volti) tatu za kukuza ishara ya sensa, mbili za kuchuja, chipu ya kutengeneza volti hasi, kigeuzi cha dijitali (kinachogeuza volti kuwa namba) kilichokaa peke yake, na trima, yaani rezista za kurekebishia, mbili za kuzungusha kwa bisibisi. Ilipima vizuri. Nilipotakiwa kutengeneza ishirini ndipo nilipoona tatizo, kwa sababu kila moja ilinichukua karibu nusu siku kuirekebisha.

Nilifanya kile ambacho wewe unayeanza huenda utafanya pia. Niliiacha saketi ilivyo, nikabadilisha vipande vya ghali kwa vya bei nafuu. Mahali pa opampu za usahihi niliweka LM324, chipu yenye opampu nne ndani, inayopatikana katika kila duka la Kariakoo.

Tupige hesabu pamoja, maana hapa ndipo penye somo lote. Sensa ya uzito ya kawaida hutoa milivolti 2 kwa kila volti unayoilisha, ikiwa imebeba mzigo wake wote. Ukiilisha volti 5, unapata milivolti 10. Kama ni sensa ya kilo 50, basi kilo moja ni milivolti 0.2 tu. Sasa fungua datashiti, karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, ya LM324 uangalie kosa la volti kwenye miguu ya kuingilia: linaruhusiwa kufika milivolti 7, yaani kilo 35 za hewa tupu. Hilo unaweza kulifuta kwa kuanzia sifuri. Usichoweza kukifuta ni kule kuhama kwake kwa joto, kama mikrovolti 7 kwa kila nyuzi moja. Asubuhi nyuzi 18, mchana 30: zimehama mikrovolti 84, zaidi ya gramu 400. Mfugaji anayeleta maziwa mchana na yule wa alfajiri hawapimwi kwa mizani moja. Nililiona hilo kwenye mizani iliyokwisha kwenda kazini, na liliniuma, kwa sababu ni pesa ya mtu.

Kupunguza gharama ya kipande na kurahisisha saketi ni kazi mbili tofauti. Ya pili inaanza na swali: jambo ninalolipima linabadilika kwa kasi gani? Kidumu kikiwekwa juu ya mizani kinakaa sekunde kadhaa. Usomaji mara 10 kwa sekunde unatosha na kuzidi. Ukishalijua hilo, mambo mengi yanaanguka yenyewe, kwa kuwa kigeuzi kinachopewa muda kinaweza kuwa sahihi sana bila kuwa ghali. HX711 ni chipu moja ya kigeuzi cha biti 24 (biti zikizidi, hatua za kipimo zinakuwa ndogo zaidi) iliyotengenezwa kwa mizani: ina ukuzaji wa mara 128 ndani yake, inafanya kazi kwa umeme wa upande mmoja, na ikisoma mara 10 kwa sekunde inafuta yenyewe mvumo wa hezi 50 wa umeme wa nyumbani. Opampu tano, volti hasi, kichujio cha mvumo, kigeuzi na trima vyote vikaondoka. Urekebishaji nikauhamishia kwenye programu: weka jiwe la kilo 10, bonyeza kitufe, namba inahifadhiwa. Nusu siku ikawa dakika tano.

Jambo jingine linalookoa vipande ni kulinganisha badala ya kupima. Ukiilisha sensa kwa volti ileile ambayo kigeuzi kinaitumia kama kipimo chake, volti ikishuka kidogo pande zote mbili zinashuka pamoja na jibu halibadiliki. Huhitaji tena chipu ya volti sahihi. Nilifanya hivyo pia kwa joto la maziwa: thamista (rezista inayobadilika kwa joto) ya kilo-omu 10, rezista moja ya kilo-omu 10 chini yake, moja kwa moja hadi kwenye ATmega328P, chipu inayoendesha programu ya mizani, bila opampu yoyote. Kigeuzi chake ni cha biti 10, ila ukikusanya vipimo 256 unaweza kupata biti nne zaidi, kwa kuwa kila ukizidisha vipimo mara nne unapata biti moja. Visambaze ndani ya milisekunde 100, sawa na mizunguko mitano ya hezi 50, na mvumo nao unafutika. Angalizo: lazima ishara iwe na kelele kidogo, walau ya hatua moja ya kigeuzi. Ukisoma mara 256 ukapata namba ileile, wastani wake ni namba hiyohiyo.

Mafanikio hayo yalinipa kiburi cha mikono. Kwenye mlango wa HX711 kulikuwa na rezista mbili za omu 100 na kapasita moja ya nanofaradi 100. Nikasema kichujio kimo ndani ya chipu, hivi vya nini? Nikaving'oa. Mezani hakuna kilichobadilika. Kituoni, kila ujumbe ulipotumwa, uzito uliruka. Moduli ya simu ya GSM hurusha mawimbi yake kwa vishindo, takriban 217 kwa sekunde, na kila kishindo kinaweza kuvuta hadi ampia 2. Nyaya za sensa zilikuwa antena. Mawimbi ya redio yakishaingia ndani ya amplifaya yanageuka kuwa volti ndogo inayofanana kabisa na uzito, na hakuna programu itakayozitenganisha. Nilivirudisha vile vitatu, na nikaongeza mstari mmoja kwenye programu: usipime wakati moduli inatuma.

Kwa hiyo vipande vya mlangoni (rezista ya kuingilia, kapasita yake, kinga ya nyaya zinazotoka nje ya boksi) na kapasita ya nanofaradi 100 iliyo karibu na miguu ya umeme ya kila chipu, viogope. Vinafanya kazi ambayo haihamishiki popote. Vilivyo katikati, vinavyokuza, kuchuja na kurekebisha, hivyo ndivyo vya kuhoji kimoja kimoja.

Hesabu pia aina za vipande, si idadi pekee. Bodi yenye rezista 12 za thamani mbili ni rahisi kununua na ngumu kukosea kuliko yenye rezista 9 za thamani tisa. Ukihitaji kilo-omu 5, weka mbili za 10 sambamba.

Na unapong'oa, ng'oa kimoja, pima siku nzima na moduli ikituma, andika, ndipo uende kingine. Kwenye mchoro acha nafasi ya kipande ulichokiondoa, kwani mashimo matupu hayaongezi bei ya bodi. Katika bodi yetu ya tatu niliacha nafasi tano wazi. Mbili tulizijaza kabla ya msimu wa mvua kwisha.