Mtaani kwako picha hazijaisha

Mmeuliza wiki hii: mtu anayeishi pembezoni mwa mji, kwenye mtaa wa nyumba zinazofanana, apige picha gani ilhali kila kitu amekwisha kukiona?

Aache kutafuta vitu vizuri, atafute alama za matumizi. Nyumba zilizojengwa kwa ramani moja huanza kutofautiana siku watu wanapohamia. Tazama rangi iliyochakaa kuzunguka kitasa, kutu iliyochirizika chini ya msumari, kiraka cha lami chenye weusi tofauti, njia ya mkato iliyokanyagwa kwenye nyasi, tofali linalozuia geti lisijifunge. Kila kimoja kina sababu, na sababu ndiyo inayokuonyesha usimame wapi. Doa la maji chini ya dirisha, kwa mfano, mara nyingi hutokea kwa kuwa kizingiti hakina mfereji mdogo upande wa chini wa kudondoshea maji mbali na ukuta. Kwa hiyo picha yake inataka kizingiti na ukuta pamoja. Doa peke yake halisemi kitu.

Eneo liwe dogo: mita 200 za barabara zinatosha. Nenda ukirudi, maana ukigeuka unakutana na vitu vilivyokuwa vimefichwa na mti au nguzo. Kamera ibaki begani kwanza. Kata tundu la sentimita 7.2 kwa 4.8 kwenye kadibodi nyeusi, fumba jicho moja, ulishike sentimita 10 kutoka jicho jingine. Hapo unaona takriban kile ambacho lenzi ya milimita 50 ingekiona kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24. Ukilisogeza hadi sentimita 7, unapata lenzi ya milimita 35. Kadibodi hii hufundisha haraka kuliko kamera, kwa sababu haikupi kitufe cha kubonyeza.

Wenye simu wajue kwamba lenzi yake kuu kwa kawaida ni pana, kwa hiyo ukilisogelea geti, upande ulio karibu huvimba. Rudi nyuma hatua kadhaa, kisha kuza kwa 2x. Kuta zikionekana kuegemea nyuma, umeinua simu kuelekea juu: isimamishe wima, sambamba na ukuta, washa mistari ya gridi, kisha ukate lami iliyozidi chini ya picha.

Kwa nyufa na plasta, nenda saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza au ya mwisho kabla halijazama, mwanga ukiparaza ukuta kwa ubavu. Jua likiupiga ukuta uso kwa uso, mikwaruzo yote hupotea. Ukuta mweupe huidanganya kamera, ikautoa kijivu; ongeza mwanga kwa +1 kwenye kirekebisha mwanga cha kamera (exposure compensation). Mlango mweusi, punguza kama 0.7. Kipimo cha rangi ya mwanga (white balance) kisiachwe otomatiki: kiweke kwenye alama ya jua, la sivyo kamera itaufuta wekundu wa jioni uliokutoa nyumbani.

Utamu wenyewe, kwa maoni yangu, uko kwenye mfululizo. Chagua aina moja tu, tuseme mageti, uyapige yote kutoka umbali uleule, kamera ikiwa kwenye kimo kilekile, siku ya mawingu mepesi ili vivuli visishindane na vitu. Tundu la lenzi la f/8 na kasi ya shata ya 1/125 ya sekunde hutosha mara nyingi. Geti moja likipigwa kwa pembe, mstari mzima unavurugika, kwa sababu jicho linalinganisha pembe badala ya kulinganisha mageti. Chapisha picha kwa sentimita 10 kwa 15, uzitandaze mezani. Kwenye skrini huoni kwamba mageti manne yana bawaba za fundi mmoja, mezani unaona.

Madirisha yaliyo wazi yaache. Kabla ya kuweka picha mtandaoni, futa taarifa za mahali zilizomo ndani ya faili, funika namba za magari, na changanya mpangilio wa picha, kwa kuwa mfululizo wa barabara moja kwa utaratibu wake ni ramani tosha. Namba ya nyumba inayosahaulika zaidi ni ya mpiga picha mwenyewe.