Amsterdam waligoma, Februari 1941
Ndugu yangu, umesema hakuna mji hata mmoja uliowatetea Wayahudi enzi za Hitler. Si kweli. Februari 1941 Wajerumani, waliokuwa wameikalia Uholanzi, waliwakamata vijana wa Kiyahudi zaidi ya 400 mjini Amsterdam, mchana kweupe, majirani wakishuhudia. Kupinga hilo, tarehe 25 tramu hazikutoka, makuli wa bandarini wakaacha kazi, mji ukasimama. Kesho yake mgomo ukazimwa kwa risasi. Machi, wagomaji watatu wakauawa. Vijana wale wa Kiyahudi karibu wote walifia kwenye makambi ya Wanazi. Hilo bado linaniuma. Ila kila Februari 25 watu hukusanyika na maua pale kwenye uwanja wa Jonas Daniël Meijerplein, Amsterdam, kwenye sanamu ya kuli: kifua mbele, mikono mitupu.