Jibu: Ni jua au ni moshi, na makaa ya Kiwira tuyafanyeje?
Mkuu, umeuliza mawili: kama joto hili la dunia linaloongezeka si jua tu, na kwa nini tuyaache makaa ya mawe ya Kiwira, mgodi wa huku kwetu kusini-magharibi mwa Tanzania, ilhali waliochafua hewa ni wengine.

Jua lingekuwa ndilo chanzo, anga lote lingepata joto, chini na juu. Vipimo vinaonyesha huku chini joto linapanda, wakati stratosfia, tabaka la juu angani, linapoa. Hiyo ni alama ya gesi inayozuia joto lisitoke. Kaboni dioksidi, gesi inayotoka tukichoma makaa na mafuta, ilikuwa kama sehemu 280 kwa kila milioni ya hewa kabla ya viwanda vya Ulaya. Sasa imepita 420.

Lakini tusiibebeshe tabianchi kila kitu, jamani. Mto Ruaha Mkuu hukatika kiangazi kule Hifadhi ya Ruaha tangu 1993, na lawama nyingi ziko kwetu Usangu, bonde la mpunga lililo juu ya mto: mfereji unaachwa wazi hata mpunga ukishavunwa, maji yanatuama njiani huku bwawa la umeme la Mtera likisubiri.

Kiwira sasa. Hoja yako ya haki naikubali, moshi wa Tanzania ni kidogo mno. Ila mimi pesa ningeipeleka kwanza kwenye jotoardhi, yaani umeme wa mvuke wa chini ya ardhi, pale Ngozi karibu na Mbeya, maana mvuke haungoji masika kama mabwawa. Kuchoronga ni ghali na unaweza kutoka patupu, hilo lisifichwe. Na ninyi wa sola-tu, njooni mlale Tukuyu mwezi wa nne, mvua na mawingu tele, muone betri inavyowasha taa nyekundu saa mbili usiku.