Angela Lansbury hakuanzia kwenye televisheni

Mkuu, umeuliza kama mwigizaji Angela Lansbury aliibukia kwenye televisheni akiwa tayari mtu mzima. Hapana, alikuwa mkongwe kitambo. Alizaliwa London mwaka 1925, akahamia Marekani 1940 kukimbia vita, na filamu yake ya kwanza kabisa, Gaslight ya 1944, ikamfikisha kwenye uteuzi wa Oscar kabla hajatimiza hata miaka 20.

Shida ni kwamba Hollywood ilimzeesha mapema. Kwenye The Manchurian Candidate ya 1962 aliigiza mama mzazi wa mwigizaji mwenzake Laurence Harvey, wakati alimzidi miaka mitatu tu! Na bado alitisha; kwangu mimi hakuna alichoigiza kinachofikia pale. Heshima kubwa aliipata kwenye majukwaa ya New York, akabeba tuzo 5 za ushindani za Tony, zile za maigizo ya jukwaani.

Tamthilia ya televisheni ya Murder, She Wrote ilikuja 1984, akikaribia miaka 59, ikaenda hadi 1996. Misimu yote 12 aliteuliwa Emmy, tuzo ya televisheni, asipate hata moja (maajabu hayo). Oscar ya heshima walimpa 2013. Alifariki Oktoba 2022.