Maswali yenu: ngoma, mtoto kiziwi na ngazi za madhabahu

Je, kupiga ngoma na kucheza ibadani ni dhambi?

Si dhambi, Zaburi 150 mstari wa 4 inasema msifuni kwa matari na kucheza, kasomeni. Nimeshalijibu hili mara nyingi jamani, tusirudi tena hapo.

Binti yangu wa miaka 11 ni kiziwi. Mchungaji anasema mkalimani atawavuruga waumini, tena imani huja kwa kusikia. Nifanyeje?

Pole sana mama, na hiyo Warumi 10:17 watu wanaitumia vibaya mno. Fungua Marko 7, Yesu analetewa kiziwi, anamtoa kwenye umati, anamtia vidole masikioni, anatema mate, anamgusa ulimi, anatazama juu, yaani kabla hajasema Efatha, maana yake funguka, alishaongea naye kwa mambo ambayo yule mtu anayaona kwa macho. Sasa sisi spika mpya tunanunua, mkalimani tunaambiwa hela hakuna! Wenzetu Kenya Katiba yao ya 2010 imeitaja lugha ya ishara, ndiyo hii lugha ya alama, kuwa lugha ya Bunge, itashindikanaje kanisani?

Ila msimsimamishe kijana aliyejifunza herufi za vidole juzi, yaani kutaja neno herufi moja moja kwa mkono, lugha ya alama ni lugha kamili ina sarufi yake, sio Kiswahili cha kupunga mikono. Mkalimani apewe nyimbo na maandiko mapema, asimame penye mwanga karibu na mhubiri, na wawe wawili wapokezane maana baada ya kama dakika 20 mtu anachoka na anaanza kukosea. Na binti naye apewe zamu, asome somo kwa alama, sisi tunaosikia ndio tutafsiriwe siku hiyo. Halafu mama, akitokea mtu anataka kumpandisha mbele kila Jumapili aombewe masikio huku kamera zinarekodi, kataa. Huyo ni muumini, amekuja kuabudu.

Mwanangu ana usonji, anapiga kelele wakati wa mahubiri, wazee wanataka tukae nje.

Msitoke. Kaeni pembeni karibu na mlango, akizidiwa mnatoka kidogo mnarudi, na waombeni fundi mitambo apunguze sauti maana zile spika zinamuumiza kweli. Na usonji sio pepo, anayewaambia hivyo msimpe mtoto wenu.

Tunajenga kanisa, njia ya kiti cha magurudumu tuweke wapi?

Mlangoni na madhabahuni pia, kwani mwenye kiti hawezi kuhubiri? Kila sentimita 10 za kwenda juu zipeni mita 1.2 za urefu, msijenge mteremko mkali halafu mseme mmeweka. Na choo msikisahau, mlango uwe sentimita 90.